Mke yuko kwenye kesha, mume yuko Diani



Mwezi huu tunataka kulitazama jambo ambalo limevunja amani katika nyumba kadhaa za Wakristo wema, nalo ni gumu kwa sababu wanaogombana wote wawili huonekana kuwa na haki. Mara hii hatusemi habari za ulevi, wala za mshahara unaopotea njiani, wala za nyumba ndogo. Tunasema habari za sala. Je, ile saa ambayo mtu aliyeoa au kuolewa anampa Mungu, inatoka katika fungu la nani? Anaitoa katika fungu lake mwenyewe, au anaichota katika fungu la mwenzake bila kumwomba?

Nitaeleza kisa kimoja, kwa ruhusa ya wenyewe, ila majina na kijiji nayaacha. Bwana ni mpishi katika hoteli moja huko Diani. Bibi anakaa na watoto huko juu, upande wa Shimba Hills, ana shamba la mahindi na mihogo na michungwa kidogo. Bwana hulala karibu na kazi, na siku zake za mapumziko huzikusanya apate kwenda nyumbani mara mbili kwa mwezi, siku mbili mbili. Bibi ni mcha Mungu kweli kweli. Ni mwenye bidii katika chama cha akina mama, hakosi Jumuiya Ndogo Ndogo, na tena amejiunga na kikundi cha sala kinachokesha kila Ijumaa. Basi ikatokea kwamba zile siku mbili za bwana mara nyingi ziliangukia Ijumaa na Jumamosi. Anafika Alhamisi usiku, amechoka. Ijumaa jioni mama watoto anajifunga leso, huyo kwenye kesha. Jumamosi asubuhi anarudi na usingizi, mchana anakwenda kufagia kanisa, na jioni bwana anashika matatu kurudi kazini. Kwaresima ilipofika, bibi akamwambia kwamba amefunga chakula na amefunga mwili pia, hadi Pasaka. Hakumwuliza, alimwarifu. Mwishowe bwana akaanza kumalizia mapumziko yake hapo hapo Ukunda, na maneno ya watu yakaanza kufika nyumbani.

Bwana aliniambia hivi: "Mwalimu, angekuwa ni mwanamume mwenzangu ningejua la kufanya. Lakini nitagombana vipi na Mungu?" Naye bibi akasema: "Mwalimu, huyu baba watoto mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa Krismasi. Akija ni simu mkononi, mpira, na kulala. Nisiposali mimi, nyumba hii itasaliwa na nani?"

Najua wasomaji wengi wamekwisha kutoa hukumu. Wanaume wamesema bibi amepotoka, na akina mama wamesema bwana alitafuta sababu tu. Naomba tusihukumu upesi, maana swali hili halikuanza Shimba Hills.

Mtume Paulo alikwisha kuandikiwa na Wakorintho juu ya jambo hili hili, na jibu lake liko katika Waraka wake wa Kwanza kwao, sura ya 7. Anayetaka afungue asome aya ya 3 hadi ya 5. Paulo anakubali kwamba mume na mke wanaweza kujitenga ili washughulike na sala. Lakini angalia masharti yake. Wawe wamepatana wote wawili, iwe ni kwa muda, na baadaye warudiane, Shetani asije akapata mlango wa kuingilia. Na kabla ya hapo amesema kwamba mume ana madai juu ya mwili wa mkewe, na mke vilevile ana madai juu ya mwili wa mumewe. Wanaume wa Pwani, na wa bara pia, hupenda kuisoma nusu ya kwanza ya aya hiyo na kufunga kitabu. Nusu ya pili nayo ni Neno la Mungu.

Kwa nini Mtume anadai mapatano hata katika jambo takatifu kama sala? Nafikiri ni kwa sababu ahadi ya ndoa yenyewe ilitolewa mbele ya altare. Siku ile hukumwahidi mwenzako peke yake, ulimwahidi na Mungu kwamba mtu huyu utampenda na kumheshimu siku zote. Kwa hiyo ukimnyima mwenzako haki yake ukaipeleka kanisani, unamletea Mungu kitu ulichokwisha kumpa yeye huyo huyo Mungu kwa njia nyingine. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu aliwakemea watu waliokuwa wakisema kwamba mali waliyopaswa kuwasaidia nayo wazazi wao wameiweka wakfu kwa Mungu. Wazee wakabaki na njaa, na watoto wakabaki na sifa ya uchaji.

Lakini hapa lazima nisimame kidogo, maana kuna mume atakayelikata gazeti hili na kulibandika ukutani. Si kila sala inahitaji ruhusa ya mwenzi. Misa ya Jumapili ni amri ya Kanisa, na hakuna mume wala mke mwenye uwezo wa kuifuta. Kitubio na Komunyo ya Pasaka vivyo hivyo. Sala ya asubuhi na ya jioni ni pumzi ya Mkristo, na mtu haombwi ruhusa ya kupumua. Kesha la Ijumaa, novena ya siku tisa, semina ya siku tatu Mombasa, uanachama wa vikundi vinne, hivyo vyote ni vizuri, lakini ni vya hiari. Cha hiari kinaweza kuhamishwa, kupunguzwa, au kungoja. Ugomvi mwingi niliouona unatokana na kuchanganya mafungu haya mawili: mmoja anakitetea cha hiari kana kwamba ni amri, na mwingine anaipiga vita amri kana kwamba ni ya hiari.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, alichapisha mwaka 1609 kitabu cha kuwafundisha walei njia ya ibada. Wakati ule wengi walidhani utakatifu ni mali ya watawa. Yeye alifundisha kwamba ibada lazima ifanane na hali ya mtu. Askofu akijifungia peke yake kama mmonaki wa jangwani, au mtu mwenye familia akikataa kutafuta riziki kwa kuiga umaskini wa Wakapuchini, au fundi akishinda kanisani kutwa nzima, hiyo ibada itakuwa ya kuchekesha na yenye kuleta fujo. Kipimo chake kilikuwa chepesi. Ibada inayoharibu wito wa mtu si ibada ya kweli.

Kuna mfano mwingine unaotugusa sisi wa ndoa kwa karibu zaidi. Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu Louis Martin na mkewe Zélie, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Walikuwa mume na mke wa kwanza kutangazwa watakatifu pamoja. Louis alikuwa fundi wa saa, na Zélie alikuwa na biashara yake ya lesi iliyowapa kazi wanawake wengine. Kabla ya kuoana mwaka 1858, kila mmoja alitaka utawa akakataliwa. Basi walipooana waliamua kuishi kama kaka na dada, kwa kupenda usafi wa moyo. Wakaishi hivyo kwa muda wa miezi kama kumi. Aliyewatoa huko alikuwa padre aliyekuwa akiwaongoza, ambaye aliwashauri waishi ndoa yao kamili. Wakasikia. Wakazaa watoto tisa, wakazika wanne, na mabinti watano waliobaki wote wakawa masista. Watu hawa walihudhuria Misa ya alfajiri, na Louis hakufungua duka lake Jumapili hata wateja wakipita. Walikuwa na nidhamu, basi. Lakini kilichonishika mimi katika habari zao ni ile miezi kumi. Walikuwa na nia njema, walikuwa wamepatana, na bado walihitaji mtu mwingine wa kuwaambia inatosha. Nao walikuwa na unyenyekevu wa kumsikiliza.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kulifikiri hilo kuliko wengine. Mwezi wa Aprili 2023 nchi nzima ilisikia habari za msitu wa Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa njaa, wakiwa wameambiwa kwamba kwa kufunga hivyo watamwona Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Walikuwapo waume waliotafuta wake zao mle msituni, na wake waliotafuta waume. Wakatoliki wengi walisema, "Hao si wetu." Ni kweli, lakini njia ya kufika kule huanza na hatua ambazo si ngeni kwetu: mfungo usio na kikomo, kiongozi asiyeulizwa, mwenzi anayeitwa kizuizi cha wokovu. Mtu akianza kusema mume wake ni adui wa roho yake kwa sababu tu alitaka chakula cha jioni, wazee wa jumuiya wasingoje.

Sasa tumgeukie bwana, maana naye ana la kujibu.

Maisha ya huku Kusini mwa Pwani yamebadilika sana. Wazee wetu waliokuja kulima Shimba Hills, na waliofanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafungwa mwaka 1988, walikuwa na Jumapili. Shamba linangoja, hata miwa inangoja. Hoteli haingoji. Tangu treni mpya ilipoanza kuleta abiria kutoka Nairobi mwaka 2017, mwisho wa juma Diani hujaa wageni wa nchini juu ya wale wa ng'ambo, na Jumapili asubuhi, wakati kengele ya Misa inapigwa, mpishi anakaanga mayai. Katika msimu wa Desemba hapati hata nafasi ya kukaa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini haikusema siku hiyo iwe Jumapili. Kanisa linalijua hilo. Katekisimu inafundisha kwamba mahitaji ya familia na huduma muhimu kwa jamii vinaweza kumwondolea mtu wajibu wa kupumzika Jumapili, mradi asiizoee hali hiyo hadi ikaua dini na maisha ya familia yake. Tena kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, Misa ya jioni ya Jumamosi inatimiza amri ya Jumapili. Anayefanya kazi Jumapili asubuhi aulizie parokia yoyote iliyo karibu naye kama ina Misa hiyo, au Misa ya jioni ya Jumapili yenyewe.

Kwa hiyo simlaumu bwana yule kwa kukaanga mayai. Namwuliza juu ya siku zake mbili za mapumziko. Hizo hazikuwa za hoteli. Mtu akisema "kazi ni sala", namwitikia kwamba kazi huwa sala kwa yule anayesali. Asiyesali, kazi yake ni kazi tu, na uchovu wake ni uchovu tu. Na mke anapomwona mumewe ana saa mbili za mpira na hana dakika tano za Baba Yetu pamoja na watoto, anaanza kutafuta wenzake wa kusali nje. Lile kesha la Ijumaa halikuanza kwa sababu ya ushupavu. Lilianza kwa upweke. Bibi alisema hivyo mwenyewe, kwa sauti ndogo, na bwana akanyamaza muda mrefu.

Jirani zetu hapa Kwale ni Waislamu, na wengi wao wanafanya kazi katika hoteli zile zile, kwa zamu zile zile. Mdigo mhudumu wa meza anajua dakika zake za adhuhuri, anajitia udhu, anasali kwenye kona ya stoo, anarudi kubeba trei. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, unawataja Waislamu kwa heshima kwa ajili ya sala, sadaka na mfungo wao. Nawajua Wakatoliki wa Ukunda ambao adhana ya alfajiri ndiyo saa yao ya kuamka na kufanya Ishara ya Msalaba, na ile ya magharibi huwakumbusha Malaika wa Bwana. Sioni ubaya wowote. Wazee wetu waliamshwa na jogoo, naye jogoo hakubatizwa.

Swali linalobaki ni la kiasi. Watu wakisikia "sala ya familia" wanafikiria Rozari nzima, litania, nyimbo tatu na mahubiri ya baba. Mtoto wa darasa la tatu anasinzia, mama anamfinya, na sala inakuwa adhabu. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, alizungumzia dakika chache kila siku. Dakika chache, si saa. Katika Kitabu cha Tobiti, Tobia na Sara walisali usiku wa arusi yao, na sala yao ni fupi hata unaweza kuisoma chai haijapoa. Kisha wakalala. Biblia haisemi walikesha.

Wale wa Shimba Hills nao walipatana hivi, baada ya mazungumzo ya siku mbili na padre akiwapo siku ya pili. Ratiba ya hoteli ikitoka, bwana anapiga simu nyumbani siku hiyo hiyo. Ijumaa ambayo bwana yupo, bibi haendi kwenye kesha. Ijumaa ambazo hayupo, anakwenda, na bwana anajua yuko wapi. Bwana akiwa nyumbani, yeye ndiye anayeanzisha sala ya jioni, hata kama ni Baba Yetu, Salamu Maria na majina ya wagonjwa tu, na simu zote, yake na ya bibi, zinawekwa juu ya kabati. Akiwa kazini, anapiga simu saa mbili na nusu usiku akiwa na zamu ya mchana, wanasali pamoja kwa simu, watoto wakisikiliza. Juu ya mfungo wa mwili, padre aliwaambia kwamba kama wanataka kufunga, wachague siku kwa pamoja, na kila mmoja awe na uhuru wa kusema hawezi. Mambo ya Ukunda yaliyosemwa na watu, hayo waliyaongea wenyewe, na bwana alikwenda kuungama. Mengine siyajui na sikuyauliza.

Hiyo simu niliyoitaja inahitaji neno lake. Makanisa yalipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hoteli za Diani zikafunga milango, waume wengi walirudi nyumbani kwa miezi kadhaa. Ndipo ilipoonekana nyumba ipi ina sala na ipi ilikuwa inaazima sala ya kanisa. Katika nyumba zingine mama aliyesifika kwa maombi parokiani alikuwa hajawahi kusali na mumewe hata mara moja, hawakujua nani aanze. Wakafuata Misa kwenye redio na simu, na simu ikawa kanisa. Vizuri. Tatizo ni kwamba haikutoka tena. Leo jumuiya ina kundi la simu, kwaya ina lake, akina mama lao, novena inatumwa saa kumi na moja alfajiri, na mtu anajibu "Amina" kitandani huku mwenzake akimwita mara mbili hasikii. Kumwitikia aliye kando yako ni sehemu ya Amina hiyo.

Mwisho, wako wanaouliza: mwenzangu hasali kabisa, au ni wa dhehebu lingine, au ni Mwislamu, nipatane naye vipi? Huku kwetu ndoa za namna hii ni nyingi. Mtakatifu Paulo, katika sura ile ile ya 7, anasema mwenzi asiyeamini hutakaswa kwa ajili ya mwenzi anayeamini, na hasemi kwamba hutakaswa kwa kelele. Usimwekee redio ya mahubiri chumbani. Mwulize ni saa gani ataridhika usali, na saa gani anakuhitaji, na ukishaambiwa ushike. Kama mume amekataza hata Misa ya Jumapili, hapo usinyamaze wala usipigane peke yako. Mwone katekista au padre, aje nyumbani, akae, anywe chai na mzee, waongee habari za mvua na bei ya mahindi kwanza. Mara nyingi mtu wa namna hiyo hamkatai Mungu. Ana jambo fulani na watu wa kanisa, deni la harambee au maneno aliyosemwa mazishini, na hajapata wa kumwambia.

Na mpishi aliye katika zamu ya asubuhi Jumapili hii, asimame anapovunja yai la kwanza, amtaje mke wake mbele ya Mungu kwa jina la ubatizo, kisha aendelee, wageni wanangoja.